Hedifoni ya Nyumbani, ya Safarini na ya Studio: Uanze Kununua Ipi?

Vijana wanaoanza kurekodi huniuliza mara kwa mara: "Hedifoni gani ni nzuri?" Huwa siwezi kujibu kabla sijajua wanaitaka kwa kazi gani. Hedifoni inayokupa raha ukiwa umejilaza sebuleni usiku inaweza kukuharibia rekodi ya sauti kesho yake asubuhi. Ile inayozima muungurumo wa basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya haimsaidii mwimbaji aliyesimama mbele ya maiki. Na ile ambayo mafundi sauti wa redio wanaitegemea miaka nenda miaka rudi, ukiivaa saa tatu mfululizo kwa starehe tu, masikio yanachoka.

Wengi wetu hatuna hela ya kununua hedifoni tatu kwa mpigo. Ndiyo maana nasema mapema ninapoegemea: kama utanunua moja tu, acha kazi ya kurekodi iamue, hata kama unarekodi mara chache kwa mwezi. Nyumbani na njiani sikio linasamehe mengi. Baada ya dakika kumi umeshaizoea sauti ya hedifoni yako. Maiki haizoei. Kilichoingia kwenye rekodi kimeingia.

Nitalinganisha tano ambazo tabia zake zinajulikana vizuri, na nyingine nitazigusa kwa kupita. Uzito ni bila waya. Ukinzani unapimwa kwa omu, na maana yake kwa simu yako nitaieleza mbele.

| Modeli | Aina | Ukinzani | Uzito | Waya |
|---|---|---|---|---|
| Sony MDR-7506 (1991) | ya kufunga | omu 63 | gramu 230 | wa kujikunja, hautoki |
| Audio-Technica ATH-M50x (2014) | ya kufunga | omu 38 | gramu 285 | unatoka, zipo nyaya tatu kwenye boksi |
| Beyerdynamic DT 770 Pro | ya kufunga | omu 32, 80 au 250 | gramu 270 | hautoki |
| Sennheiser HD 600 (1997) | ya wazi | omu 300 | gramu 260 | unatoka, mita 3 |
| Sony WH-1000XM5 (2022) | ya kufunga, Bluetooth | – | gramu 250 | betri ya saa 30, na waya wa akiba |

Geuza kikombe uangalie mgongo

Kabla hujasoma jina la kampuni, geuza kikombe cha hedifoni. Kama mgongo umezibwa, hiyo ni ya kufunga: sauti inabaki ndani na kelele za nje zinapungua. Kama una wavu unaopitisha hewa, hiyo ni ya wazi, na sauti nayo inapita, ya ndani kwenda nje na ya nje kuja ndani. Sennheiser ndio walioleta aina ya wazi sokoni mwaka 1968 kwa modeli yao ya HD 414, na tangu hapo wasikilizaji wengi wa nyumbani hawajataka kurudi nyuma.

Nawaelewa. Kwenye hedifoni ya wazi sauti haigongi ukuta wa kikombe na kurudi sikioni, kwa hiyo vyombo havibanani katikati ya kichwa. Sikio halipati joto. Lakini mwenzako aliyekaa kando anasikia wimbo wako wote, na wewe unamsikia yeye, feni, redio ya jirani, na mvua ikianza kupiga bati ndiyo basi tena.

Lipo jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayaligusi, na hapa kwetu lina uzito mkubwa. Hedifoni ya kufunga inapata besi yake kwa kuziba vizuri kuzunguka sikio. Upenyo mdogo tu kati ya pedi na ngozi, na besi inatoroka. Hijabu, kilemba, rasta nene, nywele zilizosukwa, miguu ya miwani: vyote hivi vinafungua upenyo huo. Dada aliyevaa hijabu akisema M50x haina besi, na kaka aliyenyoa kipara akisema besi imezidi, wote wawili wanasema kweli. Kitambaa chepesi cha pamba kikilala bila mikunjo hupunguza tatizo. Kinachofanya kazi zaidi ni kupitisha vikombe ndani ya kitambaa pale inapowezekana, au kutumia iafoni za kuingia ndani ya tundu la sikio, ambazo zinaziba zenyewe. HD 600 na wenzake wa wazi hawaathiriki sana, maana hawategemei kuziba kwa kiasi hicho.

Mbele ya maiki

Hapa ndipo nataka tukae kwa muda.

Mwimbaji amesimama sentimita 15 hivi kutoka kwenye maiki ya kondensa, ile ya studio inayonasa hata sauti ndogo. Masikioni ana biti, na juu ya biti ana kliki ya kumhesabia. Anapoimba kwa nguvu hakuna shida, sauti yake inafunika kila kitu. Shida inakuja anaponyamaza kuvuta pumzi kabla ya kiitikio, au mwishoni noti ya mwisho inapofifia. Hapo utasikia kwa mbali: tik, tik, tik, tik. Ukishaisikia mara moja, kila ukirudia utaisikia. Na ukiweka kompresa kwenye sauti hiyo, kilichokuwa mbali kinasogezwa mbele, kwa sababu kazi ya kompresa ni kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Rekodi aliyoimba vizuri kwa hisia zote inabidi irudiwe kwa sababu ya kliki.

Hiyo ndiyo sababu hedifoni ya wazi haitakiwi kichwani mwa mtu aliye mbele ya maiki, hata kama ni ya bei gani.

Hata ya kufunga inahitaji uangalizi. "Kaka, hebu nipandishie kliki kidogo," mwimbaji anakwambia, kisha anasukuma kikombe kimoja nyuma ya sikio ili aisikie sauti yake mwenyewe chumbani. Sasa kikombe hicho kinapiga kliki hewani moja kwa moja. Usimkataze, maana waimbaji wengi, hasa waliolelewa kwenye kwaya, hushika sauti vizuri zaidi wakijisikia hivyo. Peleka biti na kliki zote upande wa sikio lililofunikwa, na upande ulioachwa wazi uuzime kabisa. Programu yoyote ya kurekodia inakuruhusu kufanya hivyo kwa kuzungusha kitufe kimoja cha kushoto na kulia.

Sasa tuziweke tatu za kufunga pamoja.

MDR-7506 inaweka wazi sauti za juu bila kuficha kitu. Herufi s, sh na ch zilizozidi makali, mate yanayobofya mdomoni, pumzi iliyogonga maiki, kiti kilicholia: vyote utavisikia wakati mtu bado amekaa mbele ya maiki na anaweza kurudia. Kwa msimuliaji wa vitabu vya sauti, mtangazaji au mwandaaji wa podikasti sijaona ya kuizidi kwa bei yake, ambayo Marekani imekuwa ikizunguka dola 100 kwa muda mrefu. Ni nyepesi, inakunjwa, na waya wake wa kujikunja unavutika hadi mita 3. Waya huo huo ndio kero yake ukitembea nayo: ni mzito na unavuta kichwa upande mmoja.

DT 770 Pro ndiyo ningemvalisha mwimbaji au mpiga gitaa atakayekaa studio mchana kutwa. Pedi zake ni za kitambaa laini cha mahameli, hazinati kwenye shavu lenye jasho, na kikombe ni kikubwa kiasi cha kulimeza sikio lote. Inaziba vizuri pia, kwa hiyo kliki haivuji kirahisi. Besi na sauti za juu zimeinuliwa kidogo, jambo linalomfurahisha mwimbaji lakini linalokuhitaji uwe na tahadhari ukija kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote za wimbo ziwe kitu kimoja. Haikunjwi, na sikushauri utembee nayo.

ATH-M50x inapendwa mno na watengeneza biti, na ukiivaa utajua kwa nini: besi inapiga kifuani. Tatizo linakuja wakati wa kumiksi. Hedifoni ikikuongezea besi ambayo haimo kwenye wimbo, mkono wako unapunguza besi halisi, na wimbo ukichezwa kwenye spika za ukumbini unatoka mkavu. Kwa kurekodi tu haina tatizo hilo. Faida yake kubwa ni waya unaochomoka: boksini mna wa kujikunja, mrefu wa mita 3, na mfupi wa mita 1.2 wa kutembea nao. Ila pini ya upande wa kikombe ni nyembamba, ya milimita 2.5 yenye kufuli la kuzungusha, kwa hiyo waya wowote wa dukani hauingii. Mdogo wake, ATH-M40x wa omu 35 na gramu 240, ana besi iliyotulia zaidi, na mimi ningemchagua yeye kwa kazi ya kumiksi bila kusita.

Kwa waandishi wa habari na wanaorekodi nje ya studio ipo Sennheiser HD 25 ya tangu 1988. Inakaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, inabana kwelikweli, na kikombe kimoja kinageuzwa ili umsikie mtu anayeongea nawe. Ukiivaa muda mrefu sikio linauma, lakini katikati ya umati unaopiga kelele utasikia maiki yako inashika nini.

WH-1000XM5 naitoa kwenye sehemu hii. Bluetooth ya kawaida inachelewesha sauti kwa milisekunde kati ya 150 na 250 hivi. Sauti hewani inasafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 200 ni kama kumsikiliza mtu aliye umbali wa karibu mita 70. Ukitazama filamu, simu inarekebisha picha isubiri sauti, nawe huoni tofauti. Ukijisikiliza mwenyewe huku unaongea, hakuna cha kurekebisha. Ucheleweshaji wa karibu milisekunde 200 ndio hasa unaovuruga ulimi wa binadamu. Mtu anaanza kuburuta maneno na kugugumia bila kupenda. Isitoshe, ukiwasha maiki ya hedifoni yenyewe ya Bluetooth, kwa kawaida mfumo unashuka kwenye hali ya kupiga simu, na sauti unayoisikia inakuwa nyembamba ya upande mmoja. Unaweza kuchomeka waya wake wa akiba, na kuchelewa kunakwisha, lakini hapo umelipa fedha nyingi kwa betri na mitambo usiyoitumia.

Barabarani

Huku ndiko XM5 ilikozaliwa. Teknolojia ya kuzima kelele inasikiliza kelele za nje kwa maiki ndogo, kisha inatengeneza sauti kinyume chake ili zifutane. Inafanya kazi vizuri zaidi kwenye kelele nzito zisizobadilika: injini ya basi, ndege, kiyoyozi, jenereta. Kwenye honi, kondakta anayeita abiria, na mtoto anayelia, msaada wake ni mdogo. Anayepanda matatu yenye spika za muziki mkubwa asitegemee miujiza. Anayesafiri saa kumi ndani ya basi la mikoani, au anayepanda ndege mara kwa mara, atashukuru kila akiivaa.

Faida ninayoiona kubwa kuliko raha ni ya usalama wa masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Ndani ya gari lenye kelele watu wanaongeza sauti ili ishinde injini, na hawajui wamefika wapi. Kelele ikipungua, nawe unapunguza.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuinunua. XM5 haikunjwi ndani kama kaka yake XM4 ya mwaka 2020, kwa hiyo mkoba wake ni mkubwa. Na ukiwa unatumia iPhone, ule mfumo wa LDAC wa kutuma muziki kwa Bluetooth, unaotangazwa kupitisha hadi kilobiti 990 kwa sekunde, hautaupata, kwa sababu iPhone haiungi mkono LDAC. Anayetumia Android anaupata. Kwa maoni yangu XM4 bado ni chaguo la busara ukiikuta kwa bei nafuu: betri ni ya saa 30 vilevile, na inakunjika ikaingia kwenye mkoba mdogo.

Anayetaka kutumia kidogo ana njia mbili. Iafoni za waya zinazoziba tundu la sikio, kama Shure SE215 ya omu 17, zinazuia kelele bila betri yoyote, zinaingia mfukoni, na waya unachomoka ukikatika. Njia ya pili ni Koss Porta Pro, ambayo haijabadilika sana sura tangu 1984. Ni nyepesi mno, ni ya wazi, na muziki wake una joto la kupendeza. Haizuii kelele hata kidogo, na kwa anayetembea kwa miguu kando ya barabara zenye bodaboda nauhesabu huo kuwa uzuri, kwa sababu unasikia kinachokuja nyuma yako. Ukivuka barabara umevaa kitu chenye kuzima kelele, kivue.

Nyumbani

Kama una chumba chako, usiku umetulia na hulali na mtu anayetaka kimya, HD 600 inafanya jambo ambalo zile za kufunga nilizozitaja haziliwezi: sauti ya mtu inasikika kama sauti ya mtu. Udi, kanuni na fidla vya taarab vinapata nafasi, kila kimoja mahali pake, na unaweza kuifuata fidla moja tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Hata rekodi za zamani zinatendewa haki. Sahani za santuri ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 zina mikwaruzo mingi, na hedifoni yenye sauti za juu zilizoinuliwa sana inaigeuza mikwaruzo hiyo kuwa mateso. HD 600 inaiacha nyuma na kuileta sauti yake mbele.

Kwa anayependa singeli, amapiano au biti za Bongo Fleva zenye besi ya chini kabisa, nasema wazi kwamba HD 600 itakusononesha. Besi yake ya chini inashuka mapema, na hiyo ni tabia ya hedifoni nyingi za wazi. Mtu huyo atafurahi zaidi na DT 770 Pro, na hata wenzake nyumbani watafurahi kwa kutosikia.

Sennheiser HD 560S ya mwaka 2020 ni njia ya kati: ya wazi, omu 120, ilitoka kwa dola 199.95, inashuka chini kidogo zaidi kwenye besi, na haidai amplifaya kama HD 600. Ni ngumu kidogo kwenye sauti za juu, lakini kwa fedha hiyo silalamiki.

Omu zinamaanisha nini kwa simu yako

Wapo wanaodhani omu nyingi ni ubora. Sivyo. Omu zinakuambia hedifoni inahitaji volti kiasi gani ili ipate nguvu. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C kwenda tundu la milimita 3.5, toleo la Marekani, inatoa karibu volti 1 ikifika mwisho. Toleo la Ulaya linatoa nusu ya hapo. Volti 1 kwenye omu 32 ni miliwati 31. Volti 1 hiyo hiyo kwenye omu 300 ni miliwati 3.3. Sauti itatoka, lakini ukicheza rekodi iliyorekodiwa kwa sauti ya chini utafika mwisho wa kitufe na bado unataka zaidi.

DT 770 Pro inauzwa kwa omu tatu tofauti, na wengi wanajichanganya hapo. Ya omu 32 ni ya simu na kompyuta. Ya omu 80 ni ya studio ndogo, na kadi ya sauti ya kawaida ya USB inaiendesha bila shida. Ya omu 250 inataka amplifaya yenye nguvu. Nimewaona watu wakinunua ya 250 kwa kudhani ni ya kitaalamu zaidi, kisha wanalalamika kwamba haina sauti.

Omu peke yake hazitoshi, maana kuna hedifoni nyepesi kuitikia na kuna nzito. AKG K240 Studio ina omu 55 na MDR-7506 ina omu 63, lakini kwenye simu ile ile K240 ndiyo inayotaka uongeze sauti zaidi.

Jasho, unyevu na fundi

Pedi za ngozi ya plastiki kwenye hewa ya pwani hazina maisha marefu. Unyevu unavunjavunja plastiki yenyewe, na inatokea hata hedifoni ikiwa imelala kabatini. Utaanza kuona vipande vidogo vyeusi shingoni na kwenye kola, kisha kitambaa cha chini kinajitokeza, na besi inaanza kupungua kwa sababu pedi haizibi tena. MDR-7506 inajulikana kwa ugonjwa huu, na M50x haiko salama. Bahati nzuri pedi zinabadilishwa kwa mkono. Mahameli ya DT 770 Pro hayabanduki. Yananyonya jasho, unayavua, unayafua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, unayaanika kivulini.

Waya usiotoka ukikatika, unahitaji fundi. Mwambie mapema kwamba nyuzi za ndani zimepakwa vanishi yenye rangi, na risasi haishiki mpaka vanishi iunguzwe kwa ncha ya moto au ikwanguliwe. Fundi asiyelijua hilo ataunganisha vizuri kwa macho, na upande mmoja utabaki kimya. HD 600 imewekwa ili kila kipande kitoke na kurudi bila kuchomelea: waya, pedi, hata spika za ndani. Hii ndiyo sababu utakuta za miaka ishirini bado zinapiga. XM5 haiwezi kukupa umri huo, kwa sababu betri inachoka kwa miaka na kuibadilisha ni kazi ya kufungua kikombe chote.

Moja, mbili, au tatu

Ukiwa na hela ya moja na kazi yako ni kuongea, podikasti, tangazo au kusimulia, chukua MDR-7506. Itakuhudumia kwenye maiki, itakuhudumia kwenye kompyuta nyumbani, na safarini itatosha. Ukiwa unarekodi muziki na unatembea sana, M50x, kwa sababu ya ule waya mfupi. Ukiwa hutoki na hedifoni nyumbani, DT 770 Pro ya omu 80.

Ikiongezeka hela ya pili, usinunue ya kufunga nyingine. Nunua ya wazi kama maisha yako ni ya nyumbani, na utaitumia pia kumiksi. HD 560S kwanza, HD 600 ukishakuwa na amplifaya. Kama maisha yako ni ya basi na ndege, nunua ya kuzima kelele. Na asiyerekodi kabisa hana sababu ya kununua ya studio kwa jina tu. XM4 au Porta Pro itampa furaha zaidi.

Dukani

Kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, halisi na bandia hukaa rafu moja, na boksi haliwezi kukuambia tofauti. Nenda na mita ya fundi, ile ya kupimia waya. Iweke kwenye omu, gusisha mguu mmoja kwenye ncha ya pini na mwingine kwenye sehemu ya mwisho karibu na mpira. MDR-7506 ya kweli itasoma karibu na 60; bandia nyingi zina spika za bei nafuu za omu 32 na mita itasema hivyo hivyo. Hamisha mguu wa kwanza kwenye pete ya katikati upime upande wa pili: namba mbili zinatakiwa zilingane au zikaribiane sana.

Kisha ichomeke kwenye simu yako mwenyewe, ucheze sauti ya mtu anayeongea, siyo muziki. Sauti ya kuongea inatakiwa isimame katikati ya kichwa. Ikielemea upande mmoja, spika hazilingani. Cheza huku unaukunja waya taratibu karibu na pini na karibu na kikombe, usikilize kama kuna kukatika. Tikisa kichwa. Vaa kwa dakika tano na kilemba chako, hijabu yako au miwani yako kama unavyovaa siku zote, na muuzaji akikuharakisha, mwombe akuvumilie au nenda duka la pili. Ukiridhika, hakikisha risiti imeandikwa modeli kamili pamoja na omu zake, maana "hedifoni 1" haitakusaidia ukirudi kesho.